Sikio la Dalali wa Mtandaoni

Tangu Amazon ilipoanza, mwaka 1996, kuwalipa kamisheni wenye tovuti wanaoipelekea wateja, udalali umepata soko lisilo na kelele. Mnunuzi haulizi kwa sauti. Anaandika maneno machache kwenye Google, anabonyeza, basi. Dalali hamwoni uso wala mfuko. Kinachomfikia ni maneno hayo tu. Ufundi ninaousifu hapa ni wa kuyachagua kabla tovuti haijazaliwa.

Fundi wa kazi hii hakimbilii neno kubwa. Chukua “pampu ya maji”. Aliyeandika hivyo huenda ni mwanafunzi anayetaka mchoro, au fundi anayesaka vipuri. Lakini aliyeandika “pampu ya sola ya kisima cha mita 30 bei gani” kisima anacho, kina anakijua, na sasa anahesabu pesa. Watu wa namna hii ni wachache, ila ndio wanunuzi. Mtafiti wa injini za utafutaji Andrei Broder aliliona hilo mapema: mwaka 2002 aliwagawa watafutaji mafungu matatu, wanaotaka kufika tovuti fulani, wanaotaka kujua, na wanaotaka kutenda jambo, kununua kukiwamo. Dalali anaishi kwa fungu la tatu, na kwa wale wa pili wanaoelekea huko.

Programu ya Google ya kupangia maneno ina safu ya ushindani ambayo huwapoteza wanagenzi. Wakiona imeandikwa “chini” hushangilia, kumbe safu hiyo hupima wanaogombea matangazo ya kulipia, si ugumu wa kuonekana kwenye matokeo ya kawaida. Fundi huandika maneno yenyewe kwenye Google, kisha akasoma ukurasa wa kwanza bila haraka. Umejaa maduka makubwa? Video za mafundi? Majibu yaliyochakaa? Kazi hii inachosha, na ndiyo maana wengi huiruka. Hata programu ikimwonyesha kwamba watafutaji wa maneno hayo ni sifuri, hatishiki. Google yenyewe imesema kwamba asilimia 15 hivi ya utafutaji wa kila siku haijawahi kufanywa, na maswali ya Kiswahili mara nyingi hupita bila kuhesabiwa na vipimo hivi.

Anayedhani haya ni mambo madogo aitazame tovuti ya kamisheni, Wirecutter, iliyoanzishwa Marekani na Brian Lam mwaka 2011. Ilisimama juu ya swali moja la mnunuzi aliyechoka kulinganisha: ipi ni bora? Mwaka 2016 New York Times iliinunua kwa takriban dola milioni 30. Swali lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Wao walizijaribu bidhaa, wakalijibu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujalipia jina la tovuti, orodhesha maswali ambayo wanunuzi huuliza kuhusu bidhaa uliyoichagua. Kama hakuna hata moja unaloweza kulijibu vizuri kuliko ukurasa wa kwanza, badilisha bidhaa.