Yai la safura halisubiri

Wawi, karibu na mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, ipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la bingwa wa vimelea wa Kiitaliano. Ufundi wa kupima minyoo unaofanyika hapo hausifiwi mara nyingi, kwa sababu unaanzia chooni. Mimi nausifu, na nianze na kikopo.

Mtoto wa skuli hupewa kikopo chenye kifuniko na namba yake. Huelezwa kwa upole: choo kiwe cha leo asubuhi, kisichanganyike na mkojo, kisiguse mchanga, na asimgawie mwenzake aliyekosa. Kila sharti lina sababu. Mchangani wamo minyoo wasiodhuru mtu, na viluwiluwi vyao huweza kumchanganya msomaji wa darubini. Choo cha kuazimwa nacho humpa mtoto ugonjwa wa jirani.

Kuanzia hapo ni mbio na wakati. Ganda la yai la mnyoo wa safura ni jembamba. Choo kikilala kwenye joto, yai huweza kuanguliwa. Kwa hiyo sampuli huwekwa mahali pa baridi na kufika maabara siku ileile. Lakini anayetafuta minyoo aina ya strongiloidi huogopa baridi hiyo hiyo: viluwiluwi vyake lazima viwe hai, vitoke vyenyewe kwenye choo na kuingia majini. Fundi mzuri hujua anachokitafuta kabla ya kufunga kasha.

Mezani hutumika njia ya Kato-Katz, iliyobuniwa na Kato wa Japani mwaka 1954 na kuboreshwa na Katz wa Brazili mwaka 1972. Choo hupitishwa kwenye wavu mwembamba ili makapi yabaki. Kilichopita hujazwa kwenye tundu la kibao kilicholazwa juu ya kioo, kisha husawazishwa: kisipungue, kisifurike. Tundu hubeba miligramu 41.7, na ndiyo maana hesabu huzidishwa kwa 24 kupata mayai katika gramu moja. Kibao huinuliwa taratibu, selofani iliyolowekwa gliserini hufunika, kioo hupinduliwa na kukandamizwa mpaka choo kitandazike sawasawa.

Gliserini huufanya uchafu upitishe mwanga, lakini haiishii hapo. Baada ya nusu saa hadi saa moja, mayai ya safura hufifia yasionekane tena, ilhali ya mchango na ya minyoo mjeledi, yenye umbo la pipa na vizibo viwili, hubaki. Msomaji aliyechelewa ataandika sifuri kwa mtoto mwenye safura.

Kwa hesabu hizi ndipo hujulikana kama dawa za minyoo zinazogawiwa skulini Pemba zinapunguza mzigo au la. Jibu hilo kubwa hutegemea mkono uliosawazisha tundu dogo na jicho lililosoma kioo kwa wakati wake. Wanaoifanya kazi hii wanastahili heshima ileile tunayompa daktari.