Spartina haikustahili kumezwa

Uamuzi wa mwaka 2014 wa kuiingiza Spartina nzima ndani ya Sporobolus ulikuwa kosa siku ulipochapishwa, na bado ni kosa. Peterson na wenzake, katika jarida la Taxon, walipanga mti wa ukoo kwa DNA na kukuta tawi la Spartina limechipuka katikati ya matawi ya Sporobolus. Kazi ya maabara ilikuwa safi. Hapo sina neno.

Shida ni hatua iliyofuata. Ukikuta jenasi moja imeota ndani ya nyingine, una njia mbili: uimeze ile ndogo, au uigawe ile kubwa ili ndogo ibaki na jina lake. Mti ule ule unaruhusu zote mbili. Wao wakachagua kumeza, na nyasi ya matope ya chumvi ya Uingereza, Spartina anglica, ikaamka inaitwa Sporobolus anglicus. DNA haikumlazimisha mtu. Huo ulikuwa uchaguzi wa binadamu, na anayeufanya anawajibika kuueleza bila kujificha nyuma ya mti. Mwaka 2019 kundi kubwa la watafiti wa vinamasi vya chumvi lilipinga katika jarida la Ecology, nami niko upande wao.

Angalia kilichomezwa. Sporobolus za nyanda za Serengeti tunazijua: visuke vidogo vidogo kwenye vitawi vinavyotoka pande zote za shina. Spartina hubeba visuke vikubwa vilivyobanwa ubavuni, vimejipanga upande mmoja tu wa kila mkono wa suke. Halafu njoo kwenye kromosomu, ambazo ndizo zilizoijengea jenasi hii heshima. Msingi wake ni 10, na haijapatikana diploidi hata moja. Zote ni tetraploidi kwenda juu. Jenasi yenye historia iliyoshikana namna hiyo unaifutaje kwa sababu ya mahali ilipokaa kwenye mchoro?

Na kisa cha anglica kila msomaji wa safu hii anakijua. Spartina alterniflora ya Amerika, yenye kromosomu 62, ilifika Southampton Water ikakutana na maritima ya Ulaya, yenye 60. Chotara wao, townsendii, akakusanywa Hythe mwaka 1870: 62, tasa. Kromosomu zikajirudufu, na kufikia miaka ya 1890 pwani ikawa na mmea unaozaa mbegu, wenye 120 hadi 124. Hubbard ndiye aliyeutenga na chotara tasa, na jina lake likachapishwa kihalali mwaka 1978. Miaka 36 baadaye likahamishwa.

Nitarudia tena lalamiko langu la siku zote kuhusu namba zinazonakiliwa bila kukaguliwa. Huskins, mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliandika 56 kwa maritima, 70 kwa alterniflora na 126 kwa mtoto wao anayezaa mbegu. Jumla ilikubali bila kubakiza hata moja, ikanakiliwa kwa miaka mingi. Marchant alipohesabu upya miaka ya 1960, namba zote tatu zilianguka. Kromosomu za nyasi hii ni ndogo mno. Unachukua ncha ya mzizi, unaipa kolkisini ili seli zisimame katikati ya kugawanyika, unaitia rangi, kisha unaiponda chini ya kioo chembamba. Ukibonyeza kidogo mno zinalaliana, mbili unazihesabu moja. Ukizidisha, seli inapasuka na za jirani zinaingia. Ndiyo maana nawasifu wahariri wa Flora Europaea, walioweka namba ya kromosomu pale tu ilipohesabiwa kwenye mmea wa porini Ulaya ambao asili yake inajulikana.

Lakini hata Huskins, kwa namba zisizo sahihi, aliwatambua wazazi sawasawa, kwa kuwa aliuliza mmea ulitoka wapi. Kizazi kile kilikuwa na subira. Müntzing, kule Uswidi, alipandisha Galeopsis pubescens na Galeopsis speciosa, kila moja ikiwa na 16, hadi akapata mmea wa 32 unaofanana na Galeopsis tetrahit, akauzalisha na tetrahit ya porini, wakazaa. Alikuwa na ushahidi ambao hakuna aliyewahi kuwa nao juu ya spishi ya Linnaeus, na jina la Linnaeus akaliacha palepale. Irene Manton wa Leeds alikuta Polypodium vulgare ya Ulaya ina ngazi tatu, 74, 148 na 222. Shivas alipoipa ile ya 222 jina lake, interjectum, mwaka 1961, kila mwanabotania wa uwandani alipata kitu cha kukitafuta jabalini.

Jina Sporobolus anglicus halimpi mtu wa uwandani kitu cha kutafuta. Linampeleka kwenye jenasi ya spishi zaidi ya 160, nyingi za mbuga kavu, akiwa amesimama kwenye tope la Hampshire maji yakijaa. Kuigawa Sporobolus kungedai kazi kubwa na majina mengi mapya kwa nyasi za nchi za joto, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ya haki. Mpaka ifanywe, safu hii itaandika Spartina anglica C.E. Hubb., 2n = 120–124.