Kitabu Ambacho Mwandishi Alikataa Kisifanywe Sinema

Kila mwaka Ijumaa Kuu inapokaribia, vijana wa parokia hujizoeza mchezo wa Mateso. Na kila mwaka twasikia manung'uniko yale yale: "Petro gani huyu asiye na ndevu?" "Pilato hakuwa mwembamba hivi!" Nani kati yao alimwona Petro kwa macho? Hakuna. Lakini kila mmoja anaye Petro wake moyoni, aliyempata kwa kusikiliza Injili tangu utoto, wala hapendi mtu amwondolee.

Jambo la namna hiyo liliwapata wasomaji wengi kwa ajili ya kitabu kimoja cha Kolombia, katika Amerika ya Kusini. Mwaka 1967 Gabriel García Márquez alitoa hadithi ndefu iitwayo Cien años de soledad, maana yake Miaka Mia ya Upweke. Ni habari za ukoo wa Buendía, vizazi saba, katika mji wa Macondo ambao mwandishi aliubuni mwenyewe. Kitabu kilienea duniani pote, na mwaka 1982 mwandishi alipewa Tuzo ya Nobel. Watu wengi walitaka kukifanya sinema. Yeye alikataa, akafa mwaka 2014 akiwa hajakubali.

Je, aliichukia sinema? Sivyo. Mwaka 1955 alijifunza kazi hiyo Roma, na mwaka 1986 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa shule ya sinema huko Kuba. Lakini alitaka kila msomaji awape watu wa Macondo sura azijuazo mwenyewe: sura ya bibi yake, sura ya mjomba wake. Tena saa mbili tatu za sinema hazingetosha kwa hadithi kubwa hivyo, na Macondo isemayo lugha ya kigeni si Macondo. Hofu hiyo haikuwa bure. Mwaka 2007 kitabu chake kingine, kile cha mapenzi wakati wa kipindupindu, kilitolewa katika sinema, na watu wa pwani ya Kolombia wakasikika wakizungumza Kiingereza! Wasomaji wengi walitoka na huzuni.

Basi mwaka 2019 iliposikika kwamba familia yake imekubali, na kwamba kampuni ya Netflix itakifanya mchezo wa televisheni, wasomaji waligawanyika. Wengine walifurahi. Wengine walisema kwamba marehemu amesalitiwa, wakaapa kutoutazama. Vipande 8 vya kwanza, kati ya 16 vilivyopangwa, vilitolewa tarehe 11 Desemba 2024. Waongozi walikuwa Laura Mora na Alex García López. Wana wawili wa mwandishi, Rodrigo na Gonzalo, walikuwa miongoni mwa wasimamizi. Lugha ni Kihispania, na mji wa Macondo ulijengwa Kolombia kwenyewe. Usione vyaelea, vimeundwa. Hapo wengi walioapa waliutazama, na wengi wao wakausifu.

Sisi twasemaje? Kwanza, wana hawa hawakumvunjia baba heshima. Vizuizi viwili vikubwa, yaani ufupi wa sinema na lugha ya kigeni, viliondolewa. Pili, macho yamepata faida. Katika kitabu majina ya José Arcadio na Aureliano yarudi-rudi hata msomaji hupotea njia. Katika mchezo kila jina lina uso wake. Na Úrsula, mama wa ukoo, aliyechezwa uzeeni na Marleyda Soto, ni mama kweli kweli: kazi, hasira na huruma vyote vyaonekana usoni pake.

Lakini wanung'unikao nao hawakosi haki. Kitabu chaanza katikati, chakumbuka mbele na nyuma, kwa maana katika ukoo huo siku huzunguka kama gurudumu. Mchezo wafuata zaidi mwaka baada ya mwaka. Gurudumu limenyoshwa likawa barabara, na barabara ni rahisi kupita, ila si gurudumu tena. Tena fikirini habari ya Padri Nicanor: katika kitabu anakunywa chokoleti ya moto, mara anainuka sentimita 12 juu ya ardhi. Mwandishi asimulia maajabu hayo kwa sauti ya bibi asimuliaye habari za sokoni, na sikio lapokea bila swali. Jicho si hivyo. Jicho likiona mtu hewani, huuliza mara moja: wamefanyaje? Hapo ajabu limekuwa ufundi. Hili si kosa la waongozi. Ndiyo tabia ya picha, na hakuna fedha iwezayo kuiponya.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mtu asilaani asichokitazama. Asomaye asome kwanza, apate Macondo yake, ndipo atazame Macondo ya wengine. Akitangulia kutazama, sura za wachezaji zitakaa katika kitabu kama mgeni aliyechukua kiti cha mwenye nyumba. Wazazi nao wajue: mna vita, uasherati na ndoa za ndugu wa damu, si mchezo wa watoto.

Na yule mnung'unikaji wetu wa Ijumaa Kuu? Tusimcheke. Ananung'unika kwa sababu alisikiliza vema na kupenda alichosikia. Aliyesikia neno asubakishe sura yoyote moyoni, huyo hawezi kuudhiwa na ndevu za Petro. Sisi twampenda zaidi mnung'unikaji, ila na akae mpaka mwisho wa mchezo, maana huenda hata Petro asiye na ndevu akamliza jogoo awikapo.