Kusasisha, Kuandika Juu na Kupokeza: Neno Moja Halitoshi

Tumeletewa, ili tuupitie, mwongozo wa utunzaji wa tovuti uliofasiriwa kwa Kiswahili kwa matumizi ya watumishi wa umma. Mfasiri amefanya kazi ya kusifiwa. Sentensi zake ni nyofu, na maneno kama tovuti, seva, faili na kivinjari ameyatumia bila kuyabadilibadilisha tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, sura inayoeleza namna ya kubadilisha mafaili ya tovuti huku wageni wakiendelea kuisoma ina kasoro tatu za istilahi. Kasoro hizo si za urembo wa lugha tu, kwani mtumishi atakayefuata maelezo hayo kama yalivyo anaweza kuwapotosha wananchi.

Kasoro ya kwanza imo katika neno "sasisha". Neno hili, lililoundwa kutokana na "sasa", limekwisha kukubalika, nasi hatuna ugomvi nalo. Ubaya ni kwamba mfasiri amelitwika matendo mawili yaliyo mbalimbali. Katika tendo la kwanza, seva huondoa yote yaliyomo katika faili la zamani, kisha huandika mapya kidogo kidogo katika faili lile lile. Mgeni anayefika katikati ya kazi hiyo huweza kupata faili tupu au nusu ya faili. Katika tendo la pili, faili jipya huandaliwa kando kwa jina la muda, na likiisha kukamilika ndipo hupewa jina rasmi. Katika mifumo ya jamii ya Unix, iliyoanza katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1969, jina la faili na yaliyomo ni vitu viwili. Kwa hiyo aliyekwisha kulifungua faili la zamani huendelea kulisoma mpaka amalize, na anayefika baadaye hupata jipya. Hakuna apataye nusu.

Tuchukue mfano wa orodha ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia sekondari, iliyopangwa kwa alfabeti. Mtumishi anaandika juu ya faili la zamani, na mzazi anafungua ukurasa wakati uo huo. Orodha inakomea kwenye herufi M. Mzazi wa Zuhura atafunga ukurasa akiamini kwamba mwanawe hakuchaguliwa. Mtumishi huyo hakuasi mwongozo. Aliambiwa "sasisha", naye akasasisha.

Kasoro ya pili ni "badiliko la kiatomu". Hapa mfasiri amefuata sauti ya neno akaacha maana yake. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kitu kisichoweza kugawika. Mwalimu akilisoma neno hilo atafikiri habari za fizikia, kumbe kinachosemwa ni kwamba badiliko ama limetendeka lote ama halikutendeka kabisa. "Badiliko lisilogawika" lingemtosheleza kila msomaji.

Kasoro ya tatu ni "faili hai". Uhai wa faili ni upi? Kinachokusudiwa ni faili ambalo wageni wanalisoma wakati huo. Tuseme basi "faili linalotumika".

Huenda fundi akatujibu kwamba yeye anajua tofauti hizi bila ya istilahi. Ni kweli, lakini mwongozo haukuandikwa kwa ajili yake; umeandikwa kwa ajili ya yule asiyejua.

Rai yetu ni kwamba "kusasisha" libaki kuwa neno la jumla. Tendo la kwanza liitwe "kuandika juu", na la pili "kupokeza jina". Walinzi hupokezana zamu: wa zamani haondoki langoni kabla wa pili hajafika. Picha hiyo tayari imo katika lugha yetu, nayo inalieleza jambo barabara.

Istilahi hizo ziandamane na maelezo mawili ambayo mfasiri ameyafupisha mno. Kwanza, faili la muda na faili rasmi sharti viwe katika mfumo mmoja wa mafaili ndani ya seva. Visipokuwa hivyo, amri ya kuhamisha hugeuka kuwa kunakili na kufuta, na ile sifa ya kutogawika hupotea. Pili, kupokeza jina hulinda faili moja moja tu. Ukurasa unaotegemea picha na mafaili ya mitindo utangulizwe na vitu hivyo, vikiwa na majina mapya. Ukurasa wenyewe ufuate. Na vya zamani vifutwe baadaye, wageni wa mwanzo wakiisha kuondoka.

Tunawakaribisha wafasiri na walimu watuletee maoni yao juu ya "kupokeza jina". Likipatikana neno lililo bora zaidi, tutalipokea kwa furaha. Tusichoweza kukubali ni neno moja kufunika matendo mawili, moja la salama na jingine la hatari.