Kitabu cha Mama Daktari na Ugonjwa wa Kifafa

Ni nani katika Kasulu au Kibondo asiyepata kuona mtoto akianguka ghafula, mwili umekakamaa, mapovu kinywani, na watu wazima wakirudi nyuma? Hata akiangukia mafiga, wengine huogopa kumshika. Kwa hiyo tumependa kukipima kitabu cha Louise Jilek-Aall, daktari aliyezaliwa Norwei. Jina lake ni Call Mama Doctor, nacho kilipigwa chapa mwaka 1979.

Daktari huyu aliwakuta wenye kifafa katika nchi ya Wapogoro, huko Mahenge, wakila peke yao na kulala peke yao, maana watu waliogopa mate yao. Wengi walikuwa na makovu ya moto. Mwaka 1960 akaanzisha kliniki yao, akawapa dawa ya fenobabitoni. Twakisifu kitabu kwa kuwa chatuonyesha mgonjwa kuwa mtu, mwenye aibu na tumaini, wala si ajabu ya kutazamwa.

Lakini ni kitabu cha visa. Atakaye kujua yatendekayo kichwani hana budi kutafuta kwingine. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana upitao toka chembe hata chembe. Ziko chembe zichocheazo na ziko zizuiazo. Wazuiaji wakishindwa, chembe nyingi hulipuka pamoja, na mwili hutupwa chini. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, aliuandika umeme wa ubongo kwa mashine, akatoa habari zake mwaka 1929. Fenobabitoni huwatia nguvu wale wazuiaji. Ndiyo sababu yapasa kumezwa kila siku, wala isiachwe ghafula. Na mapovu ni mate tu yaliyochanganyika na pumzi, hayaambukizi kifafa.

Jambo zito zaidi halimo katika kitabu hiki. Mwaka 1992 daktari huyu na mwenzake Rwiza walitoa hesabu ya wagonjwa 164 wa Mahenge waliofuatwa miaka 30. Zaidi ya nusu waliachwa na kifafa kwa dawa. Hata hivyo kama theluthi mbili walikuwa wamekwisha kufa, na wengi kwa ajili ya kifafa chenyewe, wengine kwa moto na maji. Basi dawa peke yake haitoshi, ikiwa jirani asimama mbali.

Tena kifafa kina visababishi vingi, na vingine vyazuilika. Katika Burundi, jirani zetu, uchunguzi wa Kiremba uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba tegu wa nguruwe, aingiapo ubongoni, ni kisababishi kikubwa. Choo kizuri, mikono safi na nyama iliyoiva sana ni kinga.

Wengine hututajia Mathayo 17, wakisema kifafa ni kazi ya pepo tu. Sisi twawauliza: je, yule baba alimficha mwanawe? La, alimleta mbele ya mkutano wote, akamwombea msaada.

Nasi tufanye vivyo. Mtoto akianguka, mwondoeni penye moto, mlazeni ubavu, msitie kitu kinywani, kaeni naye hata aamke. Ikipita dakika tano, mpelekeni hospitali upesi. Na jioni ale pamoja na ndugu zake katika sahani moja.