Meneja ni Nani? Uhakiki wa Riwaya ya Msichana na Timu ya Besiboli

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki riwaya ya Kijapani iliyotungwa na Iwasaki Natsumi na kutolewa Tokyo mwaka 2009. Nakala zilizouzwa zilizidi milioni 2, na mwaka 2011 ikatengenezewa filamu. Jina lake ni refu mno: linauliza ingekuwaje kama msichana aliye meneja wa timu ya besiboli ya shule ya sekondari angekisoma kitabu cha Drucker juu ya uongozi. Wajapani wamelifupisha, wakaiita Moshidora. Msomaji wa Buyenzi au Bwiza aweza kuuliza yamhusu nini mchezo wa mbali kama huo. Jibu letu ni kwamba riwaya hii imejengwa juu ya neno moja la kukopa, na maneno ya kukopa tunakutana nayo kila siku darasani.

Neno lenyewe ni meneja. Katika besiboli ya Marekani, meneja ndiye kocha mkuu: hupanga wachezaji na kuamua mbinu. Wajapani walipolichukua neno hilo, katika michezo ya shule hadhi yake ilishuka. Kocha ana jina lake la Kijapani, kantoku. Meneja ni mwanafunzi, aghalabu msichana, anayefua sare, anayeandaa maji ya kunywa na kuandika matokeo daftarini. Minami, mhusika mkuu, anaishika kazi hiyo badala ya rafiki yake Yuki aliyelazwa hospitali. Akitaka kujua wajibu wa meneja, anakwenda dukani na kurudi na kitabu cha Peter Drucker kilichotoka mwaka 1973, kilichoandikwa kwa ajili ya waendeshaji wa makampuni. Hakina habari ya besiboli hata kidogo. Hata hivyo anakisoma, na kila aonapo neno meneja anajihesabu kuwa ndiye anayeambiwa.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya riwaya. Minami analichukua neno lililodunishwa na kulirudishia uzito wake. Drucker anamtaka kila mwendeshaji ajiulize mteja wake ni nani. Minami anahangaika na swali hilo mpaka anatambua kwamba timu ipo kwa ajili ya watu wanaotaka kuguswa moyo na mchezo, kama Yuki kitandani. Anawapeleka wachezaji mmoja mmoja hospitali wazungumze na mgonjwa, na siri zisizosemwa uwanjani zinatoka. Anawaomba wanariadha wa shule waifundishe timu kukimbia. Mtupaji Asano na kocha Kachi, waliokuwa hawasemezani, wanapatana siku kocha anapomtetea mbele ya wenzake wanaodhani anakosea mitupo makusudi. Ikiwa tumewazoea wasichana wa riwaya zetu, mathalani Rosa wa Kezilahabi (1971), ambao twawajua zaidi kwa yale wanayotendwa, basi Minami twamjua kwa anayoyatenda.

Kwa upande wa fani, kasoro ziko wazi. Mazungumzo mengi ni vijiti vya kutundikia mafundisho ya Drucker, na wachezaji wengi hatuwajui ila kwa tatizo moja kila mmoja. Hatuilaumu riwaya kwa kufundisha. Sisi tuliolelewa na maandishi ya Shaaban Robert, ambamo Adili na Utubora hubeba sifa zao katika majina, hatuwezi kulaumu hilo. Lakini kwa Shaaban Robert hekima hutoka katika mwendo wa mhusika mwenyewe, ilhali hapa mara nyingi kitabu hunena na mhusika huitikia.

Kasoro kubwa zaidi imo katika maudhui. Minami utotoni alicheza besiboli kwa mapenzi makubwa, kisha akauchukia mchezo alipofahamu kwamba msichana hana nafasi ya kufika juu kama mvulana. Mtunzi anatuonyesha jeraha hilo, halafu analifunika kwa ushindi wa wavulana. Timu inabadilika, sheria iliyomtoa Minami uwanjani haiguswi wala haiulizwi. Na sheria hiyo haikubuniwa na mtunzi. Katika mashindano ya taifa ya shule za sekondari yaliyoanza mwaka 1915, wachezaji ni wavulana tu. Meneja msichana aliruhusiwa kuketi kwenye benchi la Koshien kama mwandishi wa matokeo mwaka 1996, na mwaka 2016 mmoja wao aliondolewa uwanjani humo aliposhiriki mazoezi.

Tuitazame Bujumbura, tupate kipimo. Katika mji huu alizaliwa Lydia Nsekera mwaka 1967. Aliliongoza Shirikisho la Soka la Burundi kuanzia 2004 hadi 2013, na mwaka 2009 akaingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka 2013 mkutano mkuu wa FIFA, uliofanyika Mauritius, ulimchagua katika kamati yake ya utendaji. Hakuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa humo kabla yake. Minami aliifanya vyema kazi aliyopewa na sheria za wengine. Nsekera aliketi pale sheria zinapotungwa. Hatua iliyo baina ya wawili hawa ndiyo riwaya haikudiriki kuipiga.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, twawahimiza mwitumie habari hii darasani. Waulizeni wanafunzi: meneja, kocha, msimamizi na kiongozi wanatofautianaje? Kiswahili chetu huyaweka majina hayo yote katika ngeli moja, pasipo kumtenga mume na mke. Kinachowatenga ni desturi ya wasemaji. Msichana akipewa umeneja wa timu ya shule, yafaa aulize mapema kama amepewa uongozi au ndoo ya maji, na mwalimu yampasa awe na jibu.