Mbuyu Ulioiba Hadithi: Tunavyomsimulia Williamson wa Mwadui

Wengi tumeijua Mwadui kupitia mbuyu. Simulizi lenyewe mnalijua: mwaka 1940, huko Shinyanga, Mzungu mmoja aliyeishiwa fedha anahangaika porini, gari linakwama kwenye tope, anasogea chini ya mbuyu, mara anaona kitu kinametameta. Almasi! Basi, umaskini kwaheri. Wasimulizi hupunguza hili na kuongeza lile, lakini mbuyu hauhami.

Kama hadithi ni tamu, tuseme ukweli. Ina umbo la ngano: mtu aliyekata tamaa, mti mkubwa, zawadi kutoka ardhini. Ndiyo maana haichuji. Ila hebu tuisome kama tunavyosoma riwaya. Mhusika yuko wapi? Anayesimama chini ya ule mbuyu anaweza kuwa yeyote yule. Hana akili ya pekee, hana ujuzi, hana anachokitafuta. Ana bahati tu.

Mtu halisi alikuwa John Williamson, Mkanada aliyezaliwa Quebec mwaka 1907, akasomea jiolojia Chuo Kikuu cha McGill hadi shahada ya uzamivu. Alikuja Afrika miaka ya 1930, akafanya kazi kwenye makampuni ya utafutaji madini, na alipofika Tanganyika alifahamu vizuri eneo la Mabuki, ambako almasi zilikuwa zimekwisha kuonekana. Swali lililomsumbua lilikuwa moja: hizi zinazookotwa huku na kule zimetoka wapi?

Hapo ndipo penye hadithi yenyewe. Almasi hupandishwa kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150 na mwamba unaoitwa kimberlaiti, uliopasua ardhi zamani sana kwa umbo kama la karoti. Mvua na mito huumomonyoa mwamba huo na kutawanya vilivyomo. Pamoja na almasi hutawanyika madini mengine yasiyo na bei, kama ganeti na ilmenaiti, ambayo ni mengi zaidi na rahisi kuonekana. Mtafutaji huchota mchanga, huuosha, huuchekecha, huhesabu chembe, kisha husogea kule zinakozidi. Kesho tena. Mwezi ujao tena. Ni kama kusoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho, ukirudi nyuma neno kwa neno. Niambieni, msomaji gani wa riwaya za upelelezi asingependa kisa hiki?

Tena kuiona almasi hakumalizi kazi. Mwanajiolojia wa aina hii ana swali la pili, gumu kuliko la kwanza: je, inalipa kuichimba? Mwadui ina eneo la hekta 146, mojawapo ya kimberlaiti kubwa kuliko zote zilizowahi kuchimbwa duniani, lakini almasi zake zimetawanyika mno: karati chache tu katika tani mia moja za mwamba. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Yaani unavunja mlima wa mawe kupata kitu kinachoenea kwenye kijiko cha chai. Anayelitazama pori na kusema "hapa patalipa" anahitaji hesabu, subira na kifua cha kubeba madeni. Mbuyu haukumfanyia hayo.

Nimemkumbuka Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad. Kipaji kipo pale, lakini tunamwona Siti akihangaika na vyungu vyake, akifika mjini, akifundishwa, akikua. Sifa inakuja baada ya jasho, nasi tunaiamini kwa sababu tumeliona jasho. Simulizi la Mwadui linaruka jasho lote.

Linaruka na watu pia. Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, na Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Ilikatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Aliyetoa anatajwa, aliyepokea anatajwa, sonara anatajwa. Wale walioinama kuchota na kuchekecha je? Katika simulizi tunalorithishana, wao ni tope la kukwamia gari.

Mtaniuliza, ina ubaya gani? Ngano ni ngano. Ubaya ni kwamba hadithi hufundisha hata pale isipokusudia. Tukisimulia kwamba mali ya ardhini humwangukia aliyebahatika, tunamwachia mchimbaji mdogo swali moja tu: bahati hununuliwa wapi? Na wapo wenye kuiuza. Kanda hiyohiyo ya Ziwa imeshuhudia watu wenye ualbino wakikatwa viungo na kuuawa kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri, ukiwemo wa machimboni. Sisemi mbuyu wa Mwadui uliua mtu. Nasema jamii iliyosimuliwa bahati tupu hukosa maneno ya kumjibu mganga. Hadithi ya chembe za ganeti, ya mchanga uliooshwa mara elfu, ingempa neno moja la kujibu: madini yana njia yake, na njia hiyo husomeka.

Williamson alifariki Januari 1958, akiwa na miaka 50, na mwaka huohuo mgodi ukaingia mikononi mwa De Beers na serikali ya Tanganyika. Maisha mafupi, yenye ukaidi mwingi na siasa za kikoloni pande zote. Riwaya nzima imo humo, na haihitaji kumfanya malaika. Atakayeiandika kwa Kiswahili aubakize mbuyu, akipenda. Kivuli si haba. Ila amweke chini yake mtu mwenye chekeche mkononi, na wenzake kando yake, kila mmoja kwa jina.